Johnny B. Goode kwenye santuri: uzoefu wangu

Wimbo huu wa Mmarekani Chuck Berry nimeujua miaka mingi, lakini kupitia simu, kwenye spika ndogo kuliko kifuniko cha soda. Mwezi uliopita nikaamua kununua santuri yenyewe, ile ndogo ya spidi 45, lebo ya Chess ya Chicago, mwaka 1958. Bei ilikuwa ya kuku wawili wa kienyeji. Muuzaji aliapa kwamba haina hata mchubuko. Ina mikwaruzo kama kichwa kilichonyolewa kwa wembe butu, na kabla ya beti la mwisho sindano inaruka. Halafu hizi santuri ndogo za Kimarekani zina tundu pana katikati, na pleya yangu ina kijiti chembamba. Nilikata duara kwenye kandambili kuukuu, nikalitoboa, likakaa sawasawa. (Mke wangu bado anaitafuta kandambili yake.)

Sindano ikigusa tu, gitaa linaingia peke yake, bila hodi. Chuck Berry anacharaza nyuzi mbili kwa pamoja, na kabla hujakaa vizuri bendi nzima imeshakubeba. Mwanzo ule ulikuwa wa Carl Hogan, mpiga gitaa wa mwimbaji Louis Jordan, kwenye wimbo wa mwaka 1946. Nimeusikiliza na huo. Noti karibu ni zilezile, ila Hogan anatembea, Berry anakimbizwa na mbwa.

Nami hupiga gitaa la rizimu kwenye sherehe za harusi, kwa hiyo nikajaribu kuufuata. Nilikoma. Sisi wa gitaa tunapenda funguo za E na A, ambako nyuzi zinalia bila kubanwa. Huu uko B flati, ufunguo wanaoupenda wapiga tarumbeta na piano. Berry alijijengea jina kwenye mji wa St. Louis, katika bendi ya mpiga piano Johnnie Johnson, na nadhani tabia hiyo aliipata huko. Kwenye rekodi hii piano ni ya Lafayette Leake, na hapo ndipo pesa yangu iliporudi: kwenye simu sikuwahi kuisikia vizuri. Kumbe muda wote anachonga noti za juu nyuma ya gitaa, hapumziki, kama mtu anayebishana na msemaji bila kupandisha sauti.

Maneno ni hadithi ya mvulana wa Louisiana, kibanda cha udongo na miti, kusoma hakumkai, lakini gitaa analo, analibeba kwenye gunia na kulipigia chini ya mti kando ya reli. Mama yake anamtabiria kwamba siku moja jina lake litaandikwa kwa taa. Berry mwenyewe alieleza kwamba mwanzo aliandika mvulana mweusi, akageuza kuwa mvulana wa shamba ili redio ziupige. Zikaupiga, ukafika nafasi ya 8 kwenye chati ya pop ya Marekani. Lakini Goode ndilo jina la mtaa wa St. Louis alikozaliwa, kwa hiyo alijificha nyuma ya mvulana huyo, kama mtu aliyejificha mlangoni huku mguu uko nje.

Santuri naipa nyota tatu, wimbo tano. Upande wa pili kuna Around and Around, nao ni mzuri, na hauna mkwaruzo hata mmoja. Inaonekana aliyekuwa nayo kabla yangu hakuwahi kuigeuza.