Kamera Isiyochelewa kwa Picha za Familia: Ipi Inunuliwe Kwanza

Mtoto anayejifunza kutembea huuachia ukingo wa meza kwa mara ya kwanza mara moja tu. Binti yangu alipouachia, kamera ilikuwa tayari imemwelekea na nikabonyeza papo hapo, lakini picha iliyotoka inamwonyesha ameketi sakafuni, mkono mmoja ukiwa bado hewani. Zile hatua mbili alizopiga zilipita kamera ikiwa ingali inatafuta fokasi, yaani mkao wa lenzi unaoifanya picha iwe kali. Tangu siku hiyo sianzi kwa kuuliza megapikseli ni ngapi; nauliza unapita muda gani kati ya kidole kubonyeza na picha kunaswa.

Katika muda huo kamera huweka fokasi na kupima mwanga, ndipo shata, kipazia kinachoruhusu mwanga kuingia, hufunguka. Kwa kawaida kinachochelewesha ni fokasi. Kamera nyingi za bei ya chini huitafuta kwa kulinganisha ukali wa picha: lenzi husogea, hupita mahali panapofaa, kisha hurudi nyuma hadi picha itulie. Njia nyingine, ya kupima tofauti ya awamu za mwanga, huiambia kamera tangu mwanzo lenzi isogee upande gani na kwa kiasi gani, kwa hiyo lenzi huenda moja kwa moja. Muulize muuzaji kama fokasi ni ya awamu kabla ya kuuliza jambo jingine lolote. Maneno kama "fremu 20 kwa sekunde" yaliyochapwa kwenye boksi hayajibu swali hilo, kwa kuwa yanaeleza kasi ya picha zinazofuata, ilhali katika familia picha inayokosekana mara nyingi ni ile ya kwanza.

Nafasi ya kwanza naipa kamera isiyo na kioo ndani, yenye kihisi (sehemu inayopokea picha) cha ukubwa wa kati uitwao APS-C, na fokasi ya awamu. Sony a6400, iliyotoka mwaka 2019, ina nukta 425 za fokasi ya awamu na hulifuata jicho la mtu hata anapokimbia kuja upande wa kamera. Canon EOS R10 ya mwaka 2022 hupiga hadi fremu 15 kwa sekunde kwa shata ya kimakanika na ni nyepesi mkononi. Hata hivyo, chaguo langu ni Nikon Z50II ya mwaka 2024, kwa sababu inaweza kuhifadhi picha za hadi sekunde moja kabla ya kitufe kubonyezwa hadi mwisho; ukishikilia kitufe nusu huku mtoto akijiandaa kuruka, hata kidole kikichelewa picha utaipata. R10 nayo hurudi nyuma nusu sekunde, ila picha zake huingia katika faili moja ambamo inabidi uzichomoe baadaye, kazi ambayo mzazi mwenye shughuli nyingi hataifanya.

Kamera hizi hazitakufaa sana ndani ya nyumba usipofikiria lenzi. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ikivutwa hadi mwisho, mara nyingi uwazi wake huishia f/5.6 au hata mdogo zaidi (namba baada ya f ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mchache), ilhali lenzi ya milimita 35 yenye f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Chumbani jioni, hiyo ndiyo tofauti kati ya shata ya 1/30 ya sekunde, inayomfanya mtoto anayecheza aonekane kama ukungu, na ile ya karibu 1/250 inayomnasa vizuri. Fedha zikibana, afadhali ununue kamera ya daraja la chini kidogo pamoja na lenzi hiyo.

Nafasi ya pili ni DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani, iliyotumika, na nadhani watu wengi wanaidharau bila sababu. Ukichungulia kupitia kidirisha chake, fokasi hufanywa na kihisi cha pekee cha awamu, na kamera huwa tayari mara tu unapoiwasha. Udhaifu wa zile za zamani ni kupiga kwa kutazama skrini, kwani huko fokasi hujikokota. Canon EOS 70D ya mwaka 2013 ndiyo iliyoleta mfumo wa Dual Pixel, unaotumia pikseli za kihisi chenyewe kuweka fokasi ya awamu, kwa hiyo katika jamii hiyo itafute hiyo au mojawapo ya zilizoifuata zenye uwezo huo.

Ya tatu ni kamera ya mfukoni yenye kihisi cha aina inayoitwa ya inchi moja, na hapa naitaja Sony RX100 VII ya mwaka 2019, yenye nukta 357 za awamu. Ni ya haraka kweli, lakini lenzi yake huchomoza kwanza kila unapoiwasha, na bei yake hukaribia au hata kuzidi ya kundi la kwanza.

Simu ni ya nne. Programu yake ya kamera ikiwa wazi, simu nyingi za sasa hupokea picha mfululizo na kuchukua ile ya wakati ulipogusa, hivyo mchana hazichelewi. Usiku huunganisha picha kadhaa, na picha ya mtoto asiyetulia huharibika. Kamera ndogo za bei rahisi zenye kihisi kidogo na lenzi ya kuvuta mbali naziweka mwisho, na singezinunua kwa kazi hii hata kwa punguzo.

Kabla ya kulipa, washa saa ya kuhesabu sekunde kwenye simu, ielekezee kamera, kisha bonyeza kitufe moja kwa moja hadi mwisho inapofika sekunde 5. Picha ikionyesha 5.1 ni njema, ikionyesha 5.6, irudishe kabatini. Rudia mara kadhaa, na urudie tena kwenye kona yenye mwanga hafifu, maana chini ya taa za duka karibu kila kamera huonekana ya haraka.

Ukishanunua, weka kadi ya kumbukumbu yenye alama ya V30, inayohakikisha uandishi wa megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka, na uzime kipengele cha kuondoa macho mekundu, kwa sababu hicho huwasha taa kwanza na kusubiri kabla ya kupiga, na mtoto akiona ile taa ya kwanza hudhani picha imekwisha kupigwa, akageuka na kwenda zake.