Pampu ya Sodiamu na Mfereji wa Potasiamu: Protini Mbili za Utando Mmoja

Protini zinazovusha ioni (atomi zenye chaji ya umeme) katika utando wa seli hazifanyi kazi kwa namna moja. Pampu ya sodiamu na potasiamu, ambayo Jens Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957, hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu kwa kila molekuli ya ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli. Kwa kuwa huzisukuma kutoka palipo na chache kwenda palipo na nyingi, haina budi kutumia nishati, na kwa kuwa hubadili umbo lake katika kila mzunguko, huvusha mamia machache tu ya ioni kwa sekunde.

Mfereji wa potasiamu, ulio kama tundu lenye lango, hautumii ATP. Lango lake likifunguka, potasiamu hupita yenyewe kwa kasi inayoweza kukaribia ioni milioni 100 kwa sekunde, huku sodiamu, ingawa ni ndogo zaidi, ikizuiwa. Umbo la mfereji huo, lililobainishwa na Roderick MacKinnon na wenzake mwaka 1998, lilionyesha sababu: atomi za oksijeni katika kichujio chake huishika barabara potasiamu iliyovuliwa molekuli za maji zinazoizunguka, lakini sodiamu huipwaya.

Hata hivyo, kasi isitufanye tuidharau pampu, kwani ndiyo inayojenga tofauti ya ukolezi ambayo mfereji huitegemea. Ouabaini, sumu ya mti wa msunguti ambayo wawindaji wa Afrika Mashariki waliipaka mishaleni, huizuia pampu hiyo, na mapigo ya moyo huvurugika.