Nili ya unga kwa batiki: rangi safi, mfungashio mbovu

Ukiulizia bluu kwenye maduka ya vifaa vya batiki jijini Mwanza, utatolewa unga wa aina tatu: nili, rangi inayokolezwa kwa magadi, na kwa muuzaji asiyejali, bluu ya kufulia mashati meupe. Tathmini hii ni ya nili ya unga, ile ya kiwandani inayopimwa kwa gramu na kuuzwa pamoja na kostiki soda na haidrosi (sodiamu haidrosulfaiti, unga unaoifanya nili iyeyuke). Kwenye pamba hatuoni bluu ya kushindana nayo. Namna inavyofungashwa, hapo ndipo alama zinapopotea.

Kabla ya kulipa, omba chembe kidogo uitie kwenye glasi ya maji baridi. Nili haiyeyuki, hubaki vumbi linaloelea, kisha huzama polepole. Maji yote yakigeuka bluu na kubaki angavu, umepewa rangi nyingine. Bluu ya kufulia nayo haiyeyuki, kwa hiyo ipime kwa siki au maji ya limao: mara nyingi hupauka na kutoa harufu ya yai bovu, ilhali nili haibadiliki. Bluu ya kufulia usiipokee kwa batiki hata ikiwa ya bure. Chembe zake hukaa juu ya uzi bila kuushika, na sabuni ya kwanza inaondoka nazo.

Kwa ndoo ya lita 20 tunapima nili gramu 20, kostiki gramu 20 na haidrosi gramu 30. Hiyo inatosha takriban kilo 1 ya pamba kavu kwa bluu ya kati, yaani kama meta 7 za poplini nyepesi. Anza na chupa ya lita 1 ya maji ya nyuzi 50. Kanda nili kwa maji kidogo hadi iwe uji usio na madonge, itie kwenye chupa, kisha ongeza kostiki kidogo kidogo. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji. Ukimimina maji juu ya kostiki, yanachemka ghafla na kukurukia usoni. Vaa glavu na miwani. Mwishoni nyunyiza gramu 25 za haidrosi, koroga taratibu, funika. Baada ya nusu saa hadi saa moja kimiminika kinakuwa cha njano ya kijani, na juu kinatanda utando wenye mng'ao wa shaba. Haidrosi imeibadilisha nili kikemikali, na sasa inaweza kuyeyuka na kuingia ndani ya uzi. Zile gramu 5 zilizobaki zitie kwenye maji ya ndoo kubwa dakika 15 kabla, ili ziimalize oksijeni iliyomo, ndipo ushushe chupa ndani na kumimina bila kupiga povu. Karatasi ya pH, ile ya kupimia ukali wa kimiminika, isome kati ya 11 na 12.

Ndoo iwe ya plastiki. Sufuria za aluminiamu zilizojaa majikoni mwetu ziache kabisa: kostiki huzila na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto, na hapo jirani kuna jiko la mkaa.

Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani. Kichemshe na sabuni na magadi kwanza, ama sivyo utapata madoa usiyoyaelewa. Baada ya kuchora nta na kukausha, kilowanishe, kikamue, kizamishe dakika 2 bila kukitoa toa juu, kisha kitundike dakika 15. Kinatoka kijani na kugeuka bluu mbele ya macho yako, oksijeni ya hewani ikiirudisha nili katika hali yake. Bluu nzito haiji kwa kukilaza ndani muda mrefu. Inakuja kwa kuchovya mara nyingi, 5 hata 8, na kutundika kila mara.

Nta ndiyo inayowatesa wengi. Ndoo ya kuchovyea isizidi nyuzi 35, kwani parafini, ile nta ya mishumaa, hulainika mapema. Kuna shida nyingine isiyosemwa kaunta: mishumaa mingi ya dukani huchanganywa na stearini, nayo ikikutana na kostiki inageuka sabuni. Mistari inaliwa pembeni na bluu inapenya. Tafuta parafini tupu, changanya nusu kwa nusu na nta ya nyuki ili isivunjike hovyo. Ukipenda zile nyufa nyembamba, ongeza parafini.

Ndoo ikigeuka bluu yote, oksijeni imeingia: nyunyiza haidrosi gramu 5, funika, subiri. Ikiwa na ukungu mweupe, kostiki imepungua. Haidrosi iliyopata unyevu haifanyi kazi tena, na hapa ndipo tunapokwaruzana na wauzaji: inafungwa kwenye mfuko mwembamba wa plastiki wenye fundo, bila jina, bila onyo. Unga huo ukilowa hupata joto wenyewe na unaweza kuwaka. Ukifika nyumbani uhamishie kwenye kopo kavu lenye kifuniko cha kubana, mbali na paa linalovuja.

Wanaokumbuka kaniki wanajua bluu hii inavyozeeka. Nili ya maabara ilianza kuuzwa kibiashara mwaka 1897, na kikemikali ni ileile ya mmea. Haipauki ghafla, ila inasuguka: kola na makwapa hutangulia. Kwa sare ya kwaya inayofuliwa kila wiki tungechukua rangi ya magadi. Kama kwaya itarekodi video, waulizeni kwanza studio wanatumia pazia gani nyuma. Pazia la bluu linapofutwa kwa kompyuta, nguo ya bluu nayo inafutwa, na waimbaji wanabaki vichwa na mikono.

Kuondoa nta kwa maji yanayochemka na sabuni kunakusaidia mara mbili, kwani na nili isiyoshika inatoka humohumo. Maji ya ziwa ni laini na sabuni inafanya kazi vizuri. Kisima kigumu kinaacha ukoko. Baadaye suuza na siki kijiko kimoja kwa kila lita.

Mabaki ya ndoo usiyamwage mto Mirongo wala ufukweni, kwa sababu haidrosi inayanyang'anya maji oksijeni ya samaki. Yakoroge kwa nguvu hadi yawe bluu tupu, yaache usiku kucha, punguza ukali kwa siki, chuja tope, kisha yamwage chooni. Lile tope ni nili nzuri tu. Likauke, litaingia kwenye ndoo ijayo.