Nimepimwa uchovu wa akili hapa Moshi

Nina maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva. Miguu ikilegea watu wanaona; akili ikichoka, hata mume wangu alidhani ni uvivu. Ndiyo maana nilitoka Majengo nikaenda kliniki moja hapa mjini.

Walianza na dodoso: sentensi 21, kila moja unaipa alama 0 hadi 4. Sawa, ila hilo linaonyesha unavyojisikia tu. Kipimo chenyewe hasa ni cha namba. Sauti inataja namba kila baada ya sekunde 3, nawe unaijumlisha na iliyoitangulia, siyo na jibu lako. Majibu 60! Mwanzoni nilikwenda vizuri. Kufika katikati, namba zikawa zinanipita kama daladala zilizojaa. Mtaalamu akalinganisha nusu ya kwanza na ya pili, akanionyesha nilivyoshuka. Nililia, kwa furaha ya kuaminiwa.

Kasoro: nilipimwa saa tisa alasiri, baada ya foleni ndefu kwenye joto, na joto hutuzidishia dalili. Ombeni saa mbili asubuhi. Dodoso nalo ni la Kiingereza. Muuguzi alinitafsiria kwa subira, Mungu ambariki. Nitarudi baada ya miezi sita, na safari hiyo naenda na mume wangu.