Breki ya kujikamata yenyewe: nimeitumia mwaka mzima Tanga–Segera

Jamani naandika hii kwa yeyote anayetafuta gari used ya Japani na akaambiwa kama nilivyoambiwa mimi pale yadi, "bosi hii hata ukisinzia inajikamata yenyewe". Niliamini. Sasa nimeiendesha mwaka mzima hapa Tanga, nina la kusema.

Mjini inafanya kazi kweli. Ngamiani bajaji ilisimama ghafla kushusha abiria, macho yangu yako kwenye saiti mira, gari ikapiga kelele halafu ikakamata breki yenyewe tukabaki kama hatua moja hivi. Na siyo bahati yangu tu, Marekani ile taasisi ya IIHS, ya usalama barabarani inayolipiwa na kampuni za bima, ilikuta gari zenye huu mfumo zinagonga za mbele yao pungufu kwa karibu nusu. Kwenye foleni naipa alama zote.

Shida ni njia kuu, tena usiku.

Kitabu chake ni Kijapani kitupu, nilikaa nacho miezi bila kukifungua. Siku niliyokifungua ni baada ya tukio la huku mbele ya Muheza. Mdogo wangu anaendesha, saa mbili usiku, tuko 90, mbele kuna semi imeharibika imekaa nusu ndani ya lami, haina taa haina pembetatu, wameweka majani tu barabarani kama tulivyozoea. Mimi nikayaona yale majani nikapiga kelele dogo akakata kulia, na gari yenyewe kimya, hata mlio haikutoa! Namuuliza mbona hukushika breki mapema ananijibu "kaka si ulisema inajikamata". Maneno yangu mwenyewe hayo, na nyuma kalala mwanangu.

Ndo nikapiga picha kurasa nikatafsiri kwa simu. Yangu ni ya leza na kamera, inatambua magari tu, mtu wa miguu haimo, na mwendo ukizidi 80 haishiki breki yenyewe. Zenye rada zinaona mbali zaidi ila nazo nyingi, hasa za zamani, zimetengenezwa zipuuze vitu vilivyosimama ukiwa mwendo mkali, maana zisipopuuza zitafunga breki kwa kila kibao na kila daraja. Kwa hiyo lori bovu lililosimama, yaani kitu chenyewe kinachotumaliza njia hii, ndicho kigumu kwake.

Na hata zile zinazotambua watu msizitegemee gizani. AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, ilijaribu 2019, usiku zikashindwa, na mchana doli wa majaribio, mfano wa mtoto anayechomoka katikati ya magari yaliyopaki aligongwa mara 89 kwa mia, mwendo wa kama 32 tu. IIHS nao 2022 wakasema ajali za waenda kwa miguu zinapungua asilimia 27, lakini penye giza bila taa za barabarani hakuna tofauti. Sasa fikiria Pongwe saa moja jioni, mzee na baiskeli yake ina magunia mawili ya mkaa, haina taa, kwa nyuma hata wewe mwenye macho unaona gunia linatembea. Bodaboda wetu wanavaa rifleksta, safi kabisa wavae, ila 2025 IIHS walitoa jaribio jingine, doli kavalishwa mistari inayong'aa na baadhi ya gari hazikupunguza mwendo kabisa.

Asubuhi ukitoka Muheza kurudi mjini jua linakupiga usoni, na kamera linaipiga vilevile, yangu ilishajizima mara kadhaa hapo.

Halafu kioo. Kokoto la lori lilinipasua kioo cha mbele, gereji (siitaji jina) wakabadilisha vizuri tu, wakairudisha kamera kwa kuipachika. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Fundi anasema "isikuumize kichwa hiyo, gari si inatembea?" Kamera ikitolewa lazima ilengwe upya kwa kompyuta, ikipinda kidogo tu inaangalia pengine. Ukienda yadi washa gari uangalie hiyo taa, uliza kioo kilishabadilishwa au bado, na bampa la mbele pia kama ina rada.

Taa yangu bado inawaka. Naipeleka Dar mwisho wa mwezi, na dogo nimeshamwambia usiku mwisho 70.