Apu ya kuhesabu bakteria wa maji kwa simu: nzuri, ila ile "SALAMA" ya kijani msiiamini

Wengi mnauliza kama kuna simu inayopiga picha glasi ya maji ikakwambia yana vijidudu au hayana. Jamani haipo, anayekuuzia hiyo anakuibia. Hii apu tunayotumia kwenye kamati yetu ya maji huku Chamazi haisomi maji, inasoma kadi. Unavuta maji mililita 1, unayadondoshea kwenye kadi ya Petrifilm (kadi nyembamba yenye chakula kikavu cha kuoteshea bakteria), unashusha ile plastiki ya juu taratibu hewa isibaki ndani, halafu kadi inakaa kwenye joto la kama nyuzi 35 mpaka kesho yake. Inkubeta, ile mashine ya kutunza joto, hatuna, tunazibana kati ya vipande viwili vya boksi gumu mtu anazifunga kiunoni chini ya nguo analala nazo, joto la mwili linatosha kabisa. Asubuhi bakteria wameshazaliana wamekuwa vidoa vya kuonekana kwa macho, kidoa cha bluu chenye kiputo cha gesi pembeni ndio E. coli, yaani kinyesi kimefika kwenye maji, na vyekundu vyenye kiputo ni kolifomu wengine, yaani ndugu wa hao E. coli, ambao baadhi yao wanaishi tu kwenye udongo. Hapo sasa ndio unapiga picha na akili mnemba inahesabu.

Kuhesabu inajua, nawaambia ukweli. Kadi ikijaa vidoa watu wawili hawapati jibu moja, mmoja anasema 30 mwingine 40 na mwenye kisima anasema hakuna kitu, lakini apu inazungushia kila kidoa duara na ukiona imekosea unagusa unakitoa. Inahifadhi picha na tarehe na mahali kisima kilipo, kwahiyo masika ikipita unafungua ramani unaona kabisa visima vya bondeni karibu na vyoo vya shimo ndio vyenye bluu, na hapo mwenye kisima hana pa kubishia. Wazo lenyewe si geni kwetu, mWater, watu wa apu za taarifa za maji, walilijaribu Mwanza miaka mingi iliyopita.

Shida ya kwanza ni mwanga. Ukipiga usiku chini ya taa ya njano inachanganya bluu na nyekundu, na kile kiputo ulichokiacha mwenyewe wakati wa kufunika inakichukulia ni gesi ya bakteria. Piga mchana kivulini, weka karatasi nyeupe chini.

Shida kubwa, na hii naomba waliotengeneza waisikie, ni kwamba kadi isipokuwa na kidoa apu inaandika SALAMA kwa kijani kikubwa. Hapana! Kiwango cha WHO cha maji ya kunywa ni E. coli 0 kwenye mililita 100, kadi imebeba mililita 1 tu. Kidoa kimoja cha bluu maana yake ni kama 100 kwenye mililita 100, hayo ni maji mabaya tayari, na kukosa kidoa maana yake hujawakuta kwenye hako katone, basi. Nimeona mama anasoma ile kijani anamchotea mtoto palepale kwenye dumu bila kuchemsha, iliniuma sana. Waandike "hakijaonekana kitu, chemsha au weka klorini". Mkitaka uhakika zaidi vipo vile vipimo vya mfuko vinavyobeba mililita 100 nzima vinageuka rangi ya bluu-kijani, ila apu hii haivisomi.

Na msiichanganye na kile kikalamu cha TDS ambacho wauza maji wanakichovya mbele ya mteja namba ikitoka ndogo wanashangilia. Kile kinapima chumvi zilizoyeyuka, maji yenye vimelea vya kipindupindu yanaweza kutoa namba nzuri tu. Hata hii apu nayo haioni floraidi wala naitreti, ndugu zetu wa Arusha shida yenu ya floraidi inataka kipimo kingine kabisa.

Kwa kamati za maji, shule na wenye visima vya kuuza nawaambia chukueni, kwa familia moja nyumbani sioni sababu, hela ya kadi bora inunue mkaa wa kuchemshia. Na kadi zikishasomwa msizitupe jalalani hivihivi, zile bakteria ziko hai, fungua kadi uzimwagie Jik kwanza, na watoto wakae mbali.