Kishikwambi badala ya kompyuta mpakato: kabla hujalipa, kichomeke kwenye runinga

Februari nilipanda Kosta ya alfajiri kutoka Arusha hadi Moshi, nikapanda tena mpaka Kibosho, kuwasomea wanachama wa AMCOS moja ya kahawa, yaani chama cha ushirika cha wakulima, hesabu zao za msimu. Kompyuta mpakato yangu nilikuwa nimeshaiuza. Mkobani nilikuwa na kishikwambi kipya cha laki sita na hamsini. Projekta ya kuazima ilikuwa tayari, shuka jeupe limetundikwa ukutani, wazee wamekaa. Nikachomeka waya. Shuka likabaki jeupe. Nikachomoa, nikazima, nikawasha, nikachomeka tena. Mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Binti, tusomee tu." Nikasoma mapato na makato kwa mdomo saa nzima, na watu waliohangaika na kahawa ile mwaka mzima hawakuona hata mstari mmoja wa hesabu yao. Iliniuma, na bado inaniuma.

Waya ulikuwa mzima. Na dukani nilikuwa nimeuliza kabisa: hiki kinatoa picha kwenye projekta? Nikajibiwa, "Dada, hii si Type-C? Kila kitu kinakubali."

Si kila kitu. Type-C ni umbo la tundu tu. Matundu mawili yanaweza kufanana kama mapacha, moja likawa la chaji na kupitisha mafaili kwa kasi ya USB 2.0, yaani megabiti 480 kwa sekunde, basi. Na la pili likawa na njia ya picha inayoitwa DisplayPort. Kwa macho huwezi kuyatofautisha. Boksini nako utasoma GB, kamera na betri, mambo ambayo sitayagusa hapa kwa sababu kila muuzaji anayaimba. Ila kama kazi yako inakufikisha mbele ya watu, iwe kikao cha kikundi, darasa au wageni wa safari wanaotaka kuona ratiba yao ukutani, tundu hilo ndilo la kuangalia kwanza.

Namba moja kwangu ni Samsung Galaxy Tab S8 ya 2022 au S9 ya 2023. Nasema wazi kwamba naipenda Samsung, na ninayo sababu. Ukichomeka projekta, DeX, programu yake ya ndani, inafungua kule ukutani meza ya kazi kama ya kompyuta, yenye madirisha yake, huku kioo cha mkononi kikibaki na maandishi yako. Kalamu inakuja ndani ya boksi. Kadi ya kumbukumbu inaingia. S9 imekingwa vumbi na maji, na anayeijua barabara ya vumbi ya wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa faida yake.

Lakini shika hili: S9 FE siyo S9. Herufi mbili tu, na picha haitoki. S6 Lite vilevile haitoi. Nimeingia duka moja Barabara ya Sokoine nikaonyeshwa FE, nikaambiwa "S9 ndiyo hii mama, mpya." Nilipoomba tuichomeke kwenye runinga iliyokuwa ukutani kwake, ghafla akakosa waya.

Kuna gharama nyingine ambayo wauzaji hawaisemi. Excel na Word za Microsoft kwenye vishikwambi ni bure kuhariri mpaka kioo cha inchi 10.1. S8 na S9 ni inchi 11, kwa hiyo utalipia Microsoft 365. Iweke kwenye hesabu mapema.

Namba mbili, Surface Pro ya Microsoft, kuanzia Pro 7 ya 2019, ambayo ndiyo ya kwanza kwenye ukoo wa Pro kuwa na Type-C, tena ina tundu la zamani la flashi. Ni Windows kamili. Kama mahesabu yako yanaendeshwa na makro za Excel, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, usibishane na nafsi yako, chukua hii, maana makro hazifanyi kazi kwenye Android, mfumo wa hizi Galaxy, wala iPad. Kibodi huuzwa peke yake na nyingi zilizotumika zinafika mjini bila kibodi. Uliza kabla ya kupatana bei. Inasimama kwa mguu wa nyuma, na mguu huo unataka meza. Mapajani, ndani ya Kosta, inakusumbua.

iPad ni ya tatu. Ile ya kizazi cha 10, ya 2022, inatoa picha ingawa tundu lake ni USB 2.0. Ya kizazi cha 9 ina tundu la Lightning na inataka adapta yake maalumu. Shida yangu na hizi mbili ni kwamba, ukiacha programu chache kama za slaidi, ukutani kinaonekana kilekile kilicho mkononi, pamoja na ujumbe wa shemeji unaoingia katikati ya kikao.

Za bei nafuu, Galaxy Tab A9+ na wenzake: WhatsApp, PDF, ankara. Picha haitoki.

Niliporudisha kile changu, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mkononi, niliambiwa bidhaa ikishatoka dukani hairudi. Kisha yuleyule aliyenihakikishia akajitolea kukinunua kwa laki tatu. Siku ya nne! Na nilipoanza kutafuta S8, milango miwili kati ya mitatu ilinitajia bei kwa dola. Tangu Machi 2025 kuna kanuni inayokataza kuuziana bidhaa humu nchini kwa fedha za kigeni. Mimi si mtalii, nalipwa kwa shilingi, nitajiwe shilingi.

Nenda na adapta yako mwenyewe. Iwe na matundu matatu: HDMI (la waya wa runinga), flashi na chaji, kwa sababu kishikwambi kina tundu moja na kikao kirefu kinamaliza betri. Ikiwezekana iwe na VGA pia; kumbi nyingi bado zina projekta za waya wa bluu. Chomeka kwenye runinga ya dukani, subiri picha, ndipo utoe hela.

S8 niliipata, imetumika, kioo kina mkwaruzo mdogo pembeni. Nimeijaribu kwenye runinga ya jirani mara nne. Wazee wa Kibosho nimewaomba dakika ishirini kwenye kikao chao kijacho, nirudie hesabu zilezile, safari hii wakiziona.